Korongo Hutazama Mlingoti: Nilivyojifunza Alama za Uganda Nikitafuta Uraia

Bendera 200 zilirudishwa kibandani kwangu siku nne kabla ya tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru wa Uganda. Mwalimu aliyezileta hakunifokea. Alichomoa moja mfukoni, akaishika kwa kijiti chake, akaniuliza, "Mama, huyu ndege anatazama wapi?"

Nikamwangalia korongo. Alikuwa amekipa kijiti mgongo, macho yake kule kitambaa kinakopepea. Kwenye bendera ya Uganda korongo hutazama upande wa mlingoti. Mimi nilikuwa nimeushona upindo wa kupitishia kijiti upande wa pili, bendera zote 200, na sikuona kosa lolote. Huwezi hata kuigeuza juu chini ukasema imekaa sawa, maana korongo atasimama kichwa chini na mstari mweusi, ambao ndio wa juu kabisa, utashuka mahali pa mwekundu. Usiku ule na uliofuata nilifumua upindo mmoja mmoja na kuushona upya. Mwalimu alizichukua siku ya tatu, akanilipa kama tulivyopatana. Lakini swali lake sikuweza kulilipa kwa kushona.

Huo ulikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimeishi Jinja miaka 10. Bendera ile ilikuwa ikipepea penye ofisi ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kituo cha polisi, shule ya wanangu, nami napita chini yake kila siku bila kuitazama.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, fundi cherehani. Nilivuka mpaka pale Busia mwaka 2009 nikimfuata mwanamume wa Kisoga niliyekutana naye akifanya kazi za malori bandarini. Tukapanga chumba Walukuba, mtaa ambao tangu enzi za viwanda umekusanya watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Nilijisikia nyumbani upesi, na labda ndiyo sababu sikuhangaikia karatasi. Tukapata watoto wawili. Baadaye tukaachana kwa amani, yeye akaenda zake, mimi nikabaki na watoto na cherehani.

Kilichonitia mbio za uraia ni kiwanja. Nilikuwa nimeweka akiba ya miaka sita, nikapata kipande kidogo Bugembe. Muuzaji akanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kushuhudia mapatano. Mzee yule alisoma kitambulisho changu cha Kenya, akavua miwani, akaniambia kwa upole, "Mama, wewe kwetu si mgeni, lakini kwa sheria ni mgeni." Akanieleza kwamba asiye raia hapati umiliki kamili wa ardhi Uganda. Anaweza kupewa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Wanangu walikuwa raia kwa kuzaliwa kupitia baba yao. Mimi niliyewazaa ndiye nilikuwa nje ya uzio. Nililia njiani kurudi, na siyo kwa ajili ya ardhi peke yake.

Nianze na makosa mawili ya mwanzo, kwa sababu yalinigharimu miaka, na naona wengine wakiyarudia.

La kwanza ni ndoa. Katiba inampa njia mtu aliyeoana na raia, lakini inataka ndoa halali iliyo hai. Mimi na baba watoto tulikaa kama mke na mume bila cheti cha ndoa, bila harusi ya kanisani wala msikitini, na wakati nauliza tulikuwa tumeshaachana. Mlango huo ulikuwa umefungwa. Ikabaki njia ya mtu aliyehamia kwa hiari na kuishi nchini kihalali kwa miaka 10 au zaidi. Kuna pia uraia wa tajnisi, yaani mgeni kufanywa raia kwa kuishi nchini, lakini huo unataka muda mrefu zaidi, jumla ya miaka 20, pamoja na ujuzi wa kutosha wa Kiingereza au wa lugha ya wenyeji iliyotajwa na sheria.

La pili liko katika neno "kihalali". Mimi nilihesabu kuanzia 2009. Watu wa ofisi ya uhamiaji walihesabu kuanzia kibali changu cha kwanza cha kweli, mwaka 2012. Miaka mitatu ya katikati nilikuwa na muhuri wa kuingia uliokwisha muda, nikaendelea kushona na kulea kama vile hakuna kitu. Ilikwenda bure. Kwa hiyo kama uko ndani ya nchi leo na kibali kinakaribia kuisha, nenda kakihuishe kabla ya jambo jingine lolote, hata kama uraia bado hujauwazia. Tunza kila karatasi. Zangu za mwaka wa kwanza ziliozeshwa na mvua chini ya kitanda, na kuzitafutia uthibitisho kulinichosha kuliko kitu chochote katika safari hii.

Nikaambiwa nirudi 2022. Mwanzo niliona nimeadhibiwa. Sasa naona ile miaka mitatu ndiyo iliyoniokoa, maana ningeingia kwenye mahojiano ile 2019, ningeingia na bendera yenye korongo aliyegeuka.

Kujifunza kwenyewe nilikuanza vibaya. Kijana mmoja aliyekuwa akizunguka na bahasha nje ya ofisi moja aliniuzia kurasa 11 za fotokopi kwa shilingi 30,000, akisema ndizo "maswali ya mtihani wa uraia". Nilizikariri miezi miwili. Nilizibandika ukutani mbele ya cherehani, nikawa nashona huku nikisema kwa sauti. Siku moja binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, akasimama akasoma, kisha akanigeukia. "Mama, hii inasema rais wa kwanza ni Obote. Mwalimu alitufundisha ni Mutesa."

Tukakalia somo hilo jioni nzima. Milton Obote alikuwa waziri mkuu siku ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962. Kabla yake, mwanzoni mwa serikali ya ndani mwaka huohuo, waziri mkuu alikuwa Benedicto Kiwanuka. Rais wa kwanza ni Sir Edward Mutesa wa Pili, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, aliyeshika kiti hicho 1963. Obote alikuja kuwa rais baadaye, 1966, baada ya kumwondoa Mutesa. Aliyeandika zile kurasa alichanganya yote akayaweka kwenye mstari mmoja. Tukaanza kuzikagua nyingine. Jinja ilikuwa bado imeandikwa manispaa, na ilikuwa imeshafanywa jiji Julai 2020. Mimi nilikuwa nakaa ndani ya kosa lile na sikulishtukia, kwa sababu nilikuwa nakariri tu. Nilizibandua kurasa zote ukutani usiku ule.

Tangu hapo nilijifunza kwa kushika vitu vyenyewe, na hapa ndipo ningependa mtu anisikilize kwa makini.

Chukua sarafu. Mimi ni mtu wa biashara ndogo, chenji haikauki kwenye kopo langu. Upande mmoja wa sarafu za Uganda kuna nembo ya taifa. Nilinunua kioo cha kukuzia, kile wazee wanachosomea gazeti, nikaisoma nembo kama ninavyousoma mchoro wa gauni. Katikati kuna ngao, na nyuma yake mikuki miwili iliyopishana: utayari wa kulinda nchi. Sehemu ya juu ya ngao mawimbi ya ziwa. Katikati jua. Chini ngoma, ile ya kuwachezesha watu na kuwaita mkutanoni. Pande zake mbili wamesimama wanyama wawili wanaoishika, korongo taji na swala anayeitwa kob, ambaye Waganda humwita ensunu. Wamesimama juu ya kilima cha kijani, mto Nile ukipita, na kando yake kahawa na pamba, mazao yaliyoibeba nchi wakati nembo ilipotengenezwa. Chini kabisa utepe wenye kaulimbiu, Kwa Mungu na Nchi Yangu, iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Kisha geuza sarafu. Ya 50 ina swala, ya 100 ina ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, ya 200 samaki, ya 500 korongo. Ya 1,000 ilitoka 2012, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, nayo ina korongo. Wateja walikuwa wakinikuta nimeinamia shilingi 500 wakadhani naikagua kama ni ya bandia.

Nile sikuhitaji kioo. Unatoka ziwani hapahapa kwetu. Jumapili nilikuwa nawapeleka watoto kutazama maji yanapoanza safari, nikawaambia, huu ndio ule mstari wa chini ya ngao. Kitu ulichokiona kwa macho hakikutoroki mbele ya jopo la mahojiano.

Bendera nilishajifunza kwa sindano. Mistari sita ya kulala, mweusi, manjano, mwekundu, halafu tena mweusi, manjano, mwekundu. Mweusi ni watu wa Afrika, manjano ni jua, mwekundu ni undugu, ile damu inayotufanya sote ndugu. Katikati duara jeupe na korongo ndani yake. Aliyeibuni ni Grace Ibingira, aliyekuwa waziri wa sheria, na wengi hudhani ni mwanamke kwa sababu ya jina. Ni mwanamume.

Kuhusu korongo mwenyewe, mwalimu wangu alikuwa jirani wa kibanda cha pili, mama wa Kiganda anayeuza mitumba. Yeye ni wa ukoo wa Ŋŋaali, yaani ukoo wa korongo. Kwao ndege huyo ni mwiko, hawamli wala hawamdhuru. Alinieleza kwamba ni ndege mpole, na kwamba mguu wake mmoja kwenye bendera umeinuliwa kwa sababu nchi inapiga hatua mbele, haikusimama tuli. Nikamsimulia habari ya bendera zangu 200. Hakucheka. Alinyamaza, akasema, "Ulimfanya atupe mgongo." Maneno hayo yalinikaa. Tangu siku ile nilielewa kwamba kwa mwenye nchi alama si mapambo, na mimi niliyekuwa naomba kuingizwa nyumbani nilipaswa kujua hilo kabla ya kubisha hodi.

Wimbo wa taifa ulinisumbua zaidi, kwa sababu ya Kiingereza. Uliandikwa na George Wilberforce Kakoma, una beti tatu fupi, na ni miongoni mwa nyimbo za taifa fupi kabisa duniani. Niliweza kuuimba kwa sikio baada ya wiki moja, lakini nilikuwa naimba sauti tu. Binti yangu akanifungulia maana, ubeti kwa ubeti. Wa kwanza ni dua, nchi kukabidhiwa kwa Mungu na watu kusimama pamoja. Wa tatu unasifu jua na udongo wenye rutuba unaotulisha, na kuiita nchi lulu ya taji la Afrika. Wa pili unazungumzia kuitikia wito wa nchi na kuishi na majirani kwa amani na urafiki. Nilipofika neno "majirani" nilisimamisha cherehani. Jirani ni mimi. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo shuleni kwa watoto mara mia, na mle ndani mlikuwa na nafasi yangu.

Sasa niingie kwenye lugha, maana hapa ndipo Waswahili wengi wanajikwaa, na mimi nilijikwaa vibaya.

Nilisikia redioni, Julai 2022, kwamba baraza la mawaziri limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili na kifundishwe shuleni. Nilifurahi sana. Nikasema basi, nitajieleza kwa lugha ya mama yangu. Sikujua kwamba Katiba ilishasema hivyo tangu marekebisho ya 2005. Ibara ya 6 inasema lugha rasmi ni Kiingereza, na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Shika vizuri hicho kipande cha mwisho. Kuandikwa "rasmi" hakumaanishi kwamba kila meza utakayoifikia inafanya kazi kwa Kiswahili. Fomu zangu zote zilikuwa za Kiingereza. Hati za kiapo, Kiingereza. Cheti changu cha kuzaliwa cha Kenya bahati nzuri kilikuwa cha Kiingereza pia, lakini mama mmoja wa Kongo tuliyekaa naye kwenye benchi alikuwa na vyeti vya Kifaransa, na ilibidi avilipie tafsiri kabla ya kupokelewa.

Na kuna jambo jingine, zito kuliko fomu. Kiswahili Uganda kina kumbukumbu mbaya kwa watu wengine. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa, na wazee wengi, hasa upande wa Buganda, walikisikia midomoni mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Nilipokuwa nikifuata karatasi Kampala nilimsalimu mama mmoja mzee kwa Kiswahili nikitaka kuuliza njia. Akarudi nyuma hatua mbili. Niliumia, nikamwona mwenye kiburi. Yule jirani yangu wa mitumba ndiye aliyenieleza kwamba kaka yake alichukuliwa usiku na watu waliokuwa wakisema Kiswahili, na hakurudi. Lugha niliyobembelezewa nayo mtoto, yeye aliisikia ikimchukua ndugu yake. Sasa nikifika pahali sipajui naanza na salamu ya wenyeji, *wasuze otya nnyabo*, au *kodeyo* huku kwetu Busoga, ndipo niombe ruhusa ya Kiswahili. Hakuna aliyewahi kuninyima.

Mambo yanageuka lakini. Binti yangu alipoingia sekondari alikuta Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, katika mtaala ulioanza 2020. Akawa ananifundisha Kiingereza jioni, nami namsahihishia insha zake za Kiswahili. Tulipatana hivyo: nusu saa yake, nusu saa yangu.

Karatasi nitazipitia haraka. Barua ya LC1, ya LC3 ambalo ni baraza la ngazi ya juu ya kijiji, ya ofisi ya usalama ya wilaya, cheti cha tabia njema cha Interpol, picha za pasipoti, nakala za vibali. Mwenyekiti wangu wa kijiji aliandika barua papo hapo kwa sababu alinijua mikutanoni na misibani. Nimewaona wengine wakizungushwa miezi kwa kuwa kijijini kwao hakuna anayewajua. Nenda kwenye mikutano ya kijiji. Jina lako liwe herufi zilezile kila mahali. Langu lilikuwa na "h" kwenye pasipoti na halina kwenye kibali kimoja, nikarudishwa na kutakiwa kuapa mbele ya wakili. Ukiacha ada za serikali, nikijumlisha nauli za Kampala, viapo, fotokopi na siku nilizofunga kibanda, nilitumia zaidi ya shilingi 1,200,000. Kiasi hicho kingenishonesha sare za shule nzima. Na zile 30,000 za fotokopi ndizo pekee ninazozijutia.

Kwa kuwa sikutaka kuuacha Ukenya, niliomba uraia pacha. Kenya inamruhusu raia wa kuzaliwa kushika uraia wa pili tangu Katiba ya 2010. Uganda iliufungua mlango huo katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na sheria ikafuata 2009. Usinyamaze kuhusu uraia wako wa kwanza ukidhani utapita kimya. Useme, uuombee ruhusa.

Siku ya mahojiano, mwaka 2023, nilitoka Jinja saa kumi alfajiri kwa taksi ya kwanza ya Kampala. Nilikuwa nimevaa gauni nililolishona mwenyewe. Tumbo lilikuwa likinikata toka Mukono. Chumbani walikuwa watu kadhaa nyuma ya meza ndefu. Nilisalimia kwa Kiganda, nikasema kwa Kiingereza changu kile kwamba naomba, nikikwama, nitumie Kiswahili. Mmoja akatikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema yeye hakijui, nijaribu Kiingereza kwanza. Hawakunikaripia.

Wakaniuliza kwa nini nataka uraia. Nikasema watoto wangu wamezaliwa hapa na nitazikwa hapa. Wakauliza maana ya ngoma kwenye nembo, nikajibu. Rais wa kwanza, nikajibu, nikaongeza mwaka. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza ni ubeti gani wa wimbo wa taifa unaonigusa. Nikasema wa pili. Akataka sababu. Kiingereza kikanitoka chote, nikabaki na neno moja tu la kwetu, nikasema, "Majirani." Yule aliyekubali Kiswahili akawatafsiria wenzake. Pakawa kimya kidogo, akaandika kitu.

Halafu wakaniuliza wajibu wa raia kwa mujibu wa Katiba.

Sikuwa nimeusoma. Miaka mitatu nilikuwa nimeshughulika na ndege, swala, mistari na beti, sikufungua Ibara ya 17. Nilisema kulipa kodi. Nilisema kulinda nchi. Nikanyamaza. Waliningoja, jasho likanitoka mgongoni, na sikuwa na la tatu. Nilitoka nikiamini nimeanguka kwa swali hilo. Jioni ile, nyumbani, binti yangu akanisomea ibara nzima: kulinda mali ya umma, kuwalinda watoto na wanyonge, kupambana na rushwa, kutunza mazingira safi, kujiandikisha kupiga kura. Na mle ndani, kuheshimu wimbo wa taifa, bendera, nembo na sarafu. Sarafu! Kile kitu nilichokuwa nakisoma kwa kioo kibandani kimetajwa kwenye Katiba sambamba na bendera, nami sikujua. Kama unajiandaa, anza na ibara hiyo, halafu ndipo uje kwenye alama. Ndiyo inayokuambia kwa nini unaulizwa habari za korongo.

Jibu lilichukua miezi. Nilipoitwa, nilikula kiapo cha utii nikiwa nimeshika karatasi kwa mikono miwili kwa sababu mmoja ulikuwa ukitetemeka. Nilimkumbuka baba yangu aliyezikwa Mombasa, nikaogopa kwamba namkana. Nilimpigia mama siku hiyohiyo. Akaniuliza, "Umewaambia wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia jina la baba limeandikwa kwenye cheti, limekamilika, na ile "h" yake. Akasema basi hakuna kilichopotea.

Kiwanja cha Bugembe kilikuwa kimeshanunuliwa na mtu mwingine. Nimeanza akiba upya.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Mwanza, anayeuza dagaa soko la juu, alikuja na daftari akitaka nimwandikie maswali yote. Nilimpa sarafu ya 500 na kile kioo, nikamwambia aanze hapo. Kisha nikamuuliza kibali chake cha kwanza ni cha mwaka gani, na kama anajua kwamba Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo akichukua wa hapa atauacha wa kwao. Alikuwa hajui. Alifunga daftari, akakaa kwenye kigoda changu muda mrefu akiigeuzageuza ile sarafu. Aliondoka nayo. Bado hajarudi, nami sijamuuliza.